Huku wananiuliza kabla ya kunichangisha

Juzi usiku nimelala zangu, meseji ya sauti ikaingia, nikashtuka nikajua tayari msiba, kumbe ni yule mama wa Kongo anayetutafsiria mambo ya shule. "Mama, kesho masomo hakuna, barafu imekuwa mingi, ubakie na batoto ku nyumba." Halafu kabla hajamaliza akaongeza, "na usisahau Jumanne ni kura ya bajeti ya masomo, ni mpaka saa moja ya mangaribi." Mimi mtu wa Singida nikaanza kwanza kucheka hicho Kiswahili (na wao wanacheka changu, wanasema Watanzania tunaongea kama tunasoma taarifa ya habari), halafu nikanyamaza. Bajeti ya shule. Nipige kura mimi, ambaye pasipoti yangu bado ni ya Tanzania na kodi ya nyumba nalipa kwa kuungaunga.

Kwa msiojua niliko, naishi Winooski, jimbo la Vermont, juu kabisa karibu na Kanada. Sensa ya 2020 ilikuta watu hawafiki 8,000, na mji umebanana na Burlington kiasi kwamba ukisinzia kwenye basi umeshavuka daraja. Shule ni moja, chekechea mpaka darasa la kumi na mbili wako sehemu moja, wanafunzi kama 800, asubuhi pale mlangoni utasikia Kinepali, Kisomali, Kiarabu, Kifaransa na sisi wa Kiswahili. Sasa hiyo shule moja ina mamlaka yake kamili, ina bodi iliyochaguliwa kwa kura na ina mkurugenzi wake, wenyewe wanaiita wilaya ya shule. Msifikirie wilaya ya DC na V8 jamani.

Utaratibu wao ni huu. Kila mwaka Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu watu wa Vermont wanapiga kura za mambo ya mji wao, na humo humo kuna swali la bajeti ya shule, kiasi fulani cha dola, ndiyo au hapana. Hapana zikizidi, bodi inarudi kukuna kichwa, inapunguza, inaleta nyingine, mnapiga tena. Sio utani, mwaka 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule jimbo zima zilikataliwa siku hiyo kwa sababu kodi zilikuwa zinapaa. Na hapa Winooski hata sisi wageni tunaoishi kihalali tunapiga, kura za mji na za shule tu. Wakazi walipitisha hilo 2020, gavana Phil Scott akalikataa, bunge la jimbo likampita juu mwezi wa sita 2021, na Machi 2022 wageni wakapiga kura kwa mara ya kwanza. (Ndugu zangu mlio huku msije mkachanganya mkajiandikisha na kura ya rais, hiyo utajifukuzisha nchi mwenyewe.)

Naomba nieleweke hapa kabla hamjaanza. Sijasema huku shule ni nzuri kuliko kwetu, hilo tutalifikia. Kilichonikaa kooni ni hilo neno moja, KUULIZWA. Nina miaka arobaini na kitu, nimesoma shule ya msingi ya serikali, nimesomesha wadogo zangu, sasa hivi nasomesha watoto wa dada yangu, na katika maisha yangu yote sikumbuki mtu wa shule kuniuliza kitu kabla ya kuniambia kiasi. Kwetu mzazi akiitwa shuleni anaenda ameshika pochi. Ukisikia "kikao muhimu cha wazazi" unajua kuna tanki la maji, kuna mlinzi, kuna mwalimu wa kujitolea, kuna uji, kuna mtihani wa kujipima, na mwisho wa kikao mwenyekiti anasema "ndugu wazazi tumekubaliana" wakati wewe ulikuwa bado unatafuta kivuli cha kukaa.

Najua kuna mtu tayari ameshaandika "elimu ni bure tangu 2016 wewe dada umetoka lini". Sawa. Ada ilifutwa na nilishangilia. Hela ya kuendesha shule inatoka juu, elfu kumi kwa mwanafunzi wa msingi kwa MWAKA, na hata hiyo yote haifiki mkononi kwa mwalimu mkuu maana nyingine inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Gawanya mwenyewe kwa siku za masomo uone kama inatosha chaki. Hapo ndipo michango inaporudi kupitia dirishani ikiwa imebadilishwa jina, na mwalimu mkuu masikini anabaki katikati, mzazi anamuona mwizi na mkurugenzi wa halmashauri anamuona mzembe. Mimi walimu wakuu nawaonea huruma kweli, dada yangu ni mwalimu, namjua anavyorudi nyumbani kichwa kinamuuma kwa mambo ya choo na bili ya umeme.

Halafu msiniambie eti sisi hatujui kushiriki. Sisi? Enzi za Lowassa akiwa waziri mkuu, shule za kata zilipokuwa zinaota kama uyoga, mama yangu alibeba mchanga kichwani, tukasomba maji ya kumwagia zege, asiyekuja akafuatwa na mgambo mpaka akatoa kuku. Hakuna mtu wa Winooski aliyebeba tofali la shule yao. Wao mwaka 2019 waliulizwa kama wakubali mkopo wa dola milioni 57.8 kukarabati na kupanua shule, wakaenda kwenye kijichumba cha kura wakaweka alama, wakarudi nyumbani kunywa kahawa. Kwa jasho sisi tumewaacha mbali. Ila mama yangu na mchanga wake kichwani hakuna aliyemuuliza shule ijengwe upande gani wa bonde, na ilijengwa upande wa ng'ambo, na kila masika watoto wanashindwa kuvuka korongo. Mchanga ulikuwa wake, ramani ilikuwa ya watu wengine.

Hata madarasa 15,000 ya ile hela ya UVIKO (mkopo wa IMF wa wakati wa korona), yale ya 2021, nimeyaona, mazuri, marumaru zinang'aa na bati la rangi. Kwenye shule anayosoma mtoto wa dada yangu walikuwa wanalilia matundu ya vyoo. Darasa likaja. Wakapiga picha, wakashukuru, wasichana wakaendelea kupanga foleni kwenye tundu moja. Ukiuliza unaambiwa fungu lilishakuja na maelekezo yake.

Haya sasa yale ya "unajifanya mzungu". Mimi nafanya usafi usiku kwenye ofisi za watu, sina cha kuringia. Na huku kuna mambo yananiudhi mpaka nataka kurudi. Kikao cha bajeti nilienda mara moja, nikajua nitagombania kiti, nikakuta watu wa kuhesabu kwa vidole na wengine wamekuja kwa sababu ya biskuti. Wana haki ya kukataa na hawaji! Kwetu ungetangaza kwamba wazazi leo mnapigia kura bajeti ya shule, na mkikataa mwalimu mkuu arudi upya, aisee watu wangekesha. Sisi wenyewe wa Kiswahili ndio kabisa, jirani yangu nilimfuata tukapige, akaniambia yeye jina lake halitaki likae kwenye karatasi yoyote ya serikali. Siwezi kumlaumu. Mkurugenzi wa shule zetu mwenyewe, Wilmer Chavarria, mzaliwa wa Nicaragua na ni raia wa Marekani, mwaka 2025 alizuiwa saa kadhaa uwanja wa ndege Houston akitoka kutembelea ndugu zake. Na Desemba ya mwaka huo huo shule ilipandisha bendera ya Somalia kuwatia moyo wanafunzi Wasomali, matusi na vitisho vikamiminika kutoka kila kona ya nchi. Kwa hiyo anayedhani nimekaa peponi namtukana Mtanzania mwenzangu, hapana kwa kweli.

Na matokeo je? Hapa mtafurahi. Ukichukua mitihani ya jimbo, Winooski iko chini ya wastani wa Vermont. Ingekuwa NECTA (baraza letu la mitihani) ya zamani, kabla hawajaacha 2023 kutangaza kumi bora, na ile orodha ya kumi za mwisho ikiwepo, mngeiona huko mkiani mkacheka. Nilipoona zile namba mara ya kwanza nilitaka kuhama. Halafu nikawaangalia wanaofanya huo mtihani. Kuna mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, katua huku mwaka juzi, anapewa hesabu za maneno kwa Kiingereza, anashindwa neno sio hesabu. Mtanzania gani hajui hicho kitu? Si sisi tuliosoma miaka saba kwa Kiswahili halafu Januari ya kidato cha kwanza mwalimu wa biolojia anaingia na Kiingereza chake na wewe unaandika tu usichokielewa! Miezi ya mwanzo mimi nilijua photosynthesis ni jina la mtu.

Tofauti ni kwamba wao wamekiingiza kwenye hesabu ya hela. Mahakama ya juu kabisa ya Vermont ilishasema tangu 1997 kwamba mtoto wa mji maskini asisome kimaskini kwa sababu nyumba za mji wao hazina thamani, kwa hiyo kodi za elimu zinachangizana jimbo zima, na sheria ya 2022 ikaongeza uzito kwa mtoto anayejifunza Kiingereza na wa familia ya kipato kidogo, yaani huyo mmoja kwenye hesabu anahesabika zaidi ya mmoja. Kwetu mtoto anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza anahesabika moja, na akifeli ni mvivu. Mtoto wa dada yangu kapata ziro, baba yake akamnunulia jembe, ndiyo mjadala wa elimu ulivyoisha nyumbani kwetu.

"Hela wanazo hao, ndiyo maana." Nilijua mtalileta. Ni kweli wanazo, na hesabu yao kwa mtoto mmoja sithubutu kuiweka hapa mtanitukana. Lakini kumuuliza mzazi kunahitaji dola ngapi? Mkutano wa mtaa tunao. Kamati ya shule tunayo, mwenyekiti anaitwa siku ya kusaini. Ubao wa mapato na matumizi upo pale nje ya ofisi, karatasi imepauka jua tangu muhula uliopita mpaka namba hazisomeki. Kila kitu kipo. Kinachokosekana ni siku moja tu ambayo mzazi anaweza kusema hapana na hiyo hapana ikahesabiwa.

Basi Jumanne nikaenda. Nilitoka kazini asubuhi sijalala, barafu inateleza balaa, nikapewa karatasi, nikasoma taratibu kama mtu anayesoma barua ya posa. Sitasema niliweka ndiyo au hapana. Nasema tu nilipotoka nilijisikia mtu mzima, na hasira pia, kwa sababu nilimkumbuka mama na ule mchanga.

Jioni yake, kwenye grupu la wazazi wa darasa la saba huko nyumbani (nimo humo kwa sababu anayelipa ni mimi), ikatupwa meseji: "Ndugu wazazi, mchango wa majaribio ya kujipima ni sh. 1,000 kwa kila jaribio, na mlinzi 2,000, mwisho Ijumaa. Kikao kilishakaa." Na mimi kichwa bado kina moto wa kura nikaandika kwa adabu zote, "Shikamooni wazazi wenzangu, samahani, hicho kikao kilikaa lini na mlikuwa wangapi?"

Tiki mbili. Zikawa za bluu. Mzazi mmoja akaweka kidole gumba, akakifuta. Baada ya dakika kama tatu hivi likatokea tangazo kwamba kuanzia sasa wanaoweza kuandika kwenye grupu ni maadmini tu. Halafu dada akanipigia, anahema, "Wewe umeandika nini? Tuma tu hiyo hela, usinifukuzishie mtoto." Nikatuma. Na ya kutolea.