Faida ya mwenye yadi iko wapi hasa?

Mnunuzi anayeingia yadi ya magari Dar es Salaam akiamini kwamba nusu ya bei iliyobandikwa kwenye kioo ni faida ya muuzaji, atapatana vibaya. Atataja bei ya kukera, muuzaji atamwona hayuko siriazi, na baada ya hapo wote wawili watakuwa wanaigiza tu. Kwenye bei ya gari lenyewe nafasi ya kupunguza ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Fedha nyingine za mwenye yadi ziko kwenye mambo ambayo mnunuzi, akishapunguziwa laki tano, hata hakumbuki kuyauliza.

Tuanze na kodi, maana ndiyo inayokula sana. Chukua gari dogo kutoka Japani, tuseme Toyota IST ya mwaka 2005 yenye injini ya cc 1,500. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake likifika bandarini. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine kwa sababu limevuka miaka 10. Kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla ya yote hayo. Ukiongeza na tozo ndogondogo, kodi inalingana na thamani ya gari lenyewe. Lililotua na thamani ya shilingi milioni 5 linatoka likiwa limegharimu milioni 10, na hapo bado hujamlipa wakala wa forodha, hujalipia gharama za bandari wala usajili.

Hesabu hii si siri. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, imeweka kikokotoo chake mtandaoni: unachagua aina ya gari, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa thamani na kodi yake. Bei za Japani nazo ziko wazi kwenye tovuti za wauzaji kama BE FORWARD na SBT Japan. Mnunuzi aliyefanya hesabu hizo mbili kabla ya kwenda yadi anajua bei ya chini ambayo hakuna muuzaji mwenye akili timamu atakayeishuka, na hana haja ya kubahatisha.

Ila kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Kodi inafuata thamani iliyomo kwenye mfumo wa TRA, si lazima ile iliyoandikwa kwenye ankara. Mwenye yadi aliyebahatika kupata gari kwa bei ya chini mnadani Japani analipa kodi sawa na aliyelipata kwa bei ya juu, na tofauti inabaki mfukoni mwake. Mwenye yadi mzoefu hupata faida yake siku anayonunua kuliko siku anayouza. Kuna wanaoshauri mnunuzi adai kuonyeshwa ankara ya manunuzi ili ajue faida ni kiasi gani. Mimi siafikiani nao. Aliyenunua kwa ujanja ana haki ya kula matunda ya ujanja wake, mradi bei anayotaja inafanana na ya soko.

Ana mzigo wake pia. Fedha yake imefungwa tangu gari linalipiwa, wiki kadhaa liko baharini, pengine miezi limesimama yadi likipigwa na jua, huku pango na mlinzi vinadai. Akiwa amekopa benki, riba ni karibu asilimia 15 kwa mwaka. Halafu kuna dola. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kama shilingi 2,300, mwaka 2024 ikavuka 2,700. Muuzaji aliyeuza kwa bei ya zamani hakuweza kuagiza gari jingine la aina ileile. Mnunuzi naye alijibu kwamba gari hili uliliagiza dola ikiwa chini, kwa nini nilipie dola ya leo? Wote wana hoja. Mizani yangu inaelekea kwa muuzaji hapa, kwa sharti moja: hoja hiyo ifanye kazi pande zote. Shilingi ilipopata nguvu mwishoni mwa 2024, mnunuzi naye alikuwa na haki ya kudai bei ifuate.

Kwenye mkopo huruma yangu inapungua. Yadi nyingi zinatangaza lipa nusu, ondoka na gari. Chukua mfano: gari ni milioni 15 kwa taslimu, lakini kwa awamu unatanguliza milioni 7.5 na kulipa milioni 11 kwa miezi 12. Umekopeshwa 7.5, umeongeza 3.5. Wengi husema hiyo ni riba ya asilimia 47. Ni zaidi, kwa kuwa deni linapungua kila mwezi unapolipa. Ukipiga hesabu vizuri ni zaidi ya asilimia 6 kwa mwezi. Mwenye yadi atakuambia wapo wanaotokomea na gari mikoani, na ni kweli, ndiyo maana anashikilia kadi ya gari na kufunga kifaa cha kulifuatilia. Lakini hatari hiyo ameshaifidia kwa malipo ya nusu ya mwanzo na kwa kadi aliyoishikilia. Mnunuzi anayevutana saa nzima kuhusu laki tatu za bei ya taslimu, kisha akasaini awamu bila kuuliza jumla, amepatania mahali pasipo na kitu.

Kubadilishana gari nako ni vilevile kwa ufupi: lako linapokewa kwa bei ya chini, la kwao linatoka kwa bei kamili, faida mbili kwa mkupuo mmoja. Uza lako mwenyewe kwanza kama unaweza kusubiri.

Dalali anastahili maneno zaidi, kwa sababu lawama nyingi humwangukia yeye. Anajua gari lipi liko yadi ipi, anazunguka juani, anapokea simu usiku. Kulipwa si kosa. Tatizo ni cha juu, pale anapoongeza milioni moja kwenye bei ya mwenye mali bila pande zote kujua. Uingereza wamelumbana juu ya jambo linalofanana na hili kwenye mikopo ya magari. Mwaka 2021 walipiga marufuku kamisheni zilizompa muuzaji uhuru wa kupandisha riba ili alipwe zaidi. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu kwa sehemu kubwa ikawapa ushindi wakopeshaji, lakini mteja mmoja alishinda kwa sababu kamisheni aliyofichwa ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake. Mstari huo naona unafaa hata Kinondoni: kamisheni ni halali, kuificha huku ukiivimbisha si halali.

Kinachomuumiza mnunuzi kuliko bei ni hali ya gari. Kilomita zikirudishwa nyuma, punguzo lolote ulilopata limeyeyuka. Dai karatasi ya mnada, yenye daraja la gari: 4 ni zuri, R au RA maana yake limewahi kugongwa na kukarabatiwa. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani nacho mara nyingi kina kilomita. Linganisha namba ya chesisi, mlete fundi wako mwenyewe. Muuzaji anayekataa fundi ameshakujibu.

Na wanunuzi tusijitakase. Tunadanganya kwamba yadi ya jirani ametajiwa mtu bei ya chini, tunaendesha gari la watu nusu siku tukiwa hatuna hela, na wengine tunakubali mkataba uandikwe bei ndogo ili kukwepa malipo ya serikali. Hilo la mwisho linamlinda muuzaji. Injini ikifa wiki ya pili ukadai urudishiwe milioni 15, karatasi yenye saini yako inasema ulilipa 9.