Hekta ya nyasi si hekta ya mahindi

Mjadala wa ardhi na chakula ukianza tu, kuna takwimu moja lazima itajwe: mifugo inachukua karibu robo tatu ya ardhi yote ya kilimo duniani, ukijumlisha malisho na mashamba ya chakula chake, halafu inaturudishia chini ya asilimia 20 ya kalori tunazokula. Ukiisikia mara ya kwanza unashtuka, hivi binadamu tuna akili kweli? Na jibu linakuja lenyewe, punguza ng'ombe, lima chakula, njaa kwisha.

Namba yenyewe sibishani nayo (ingawa nyama na maziwa nani anakula kutafuta kalori? kwenye protini mchango wake unapita theluthi). Shida ni kwamba inahesabu hekta kama vile zote ni sawa. Sehemu kubwa ya malisho ni miteremko, mawe, au sehemu ambazo mvua inanyesha ikijisikia, sasa hapo utapanda nini? Utafiti wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 2017 ulikuta kwamba katika hekta bilioni 2 hivi za nyasi zinazolisha mifugo, zinazoweza kugeuzwa mashamba ni kama milioni 700. Zilizobaki ama zichungwe ama zisitoe chakula kabisa. Na asilimia 86 ya kile mifugo inachokula ni vitu ambavyo mtu hali, yaani nyasi, mabua, pumba, mashudu.

Halafu kulima nyanda kavu kulishajaribiwa. Marekani walipindua nyasi za tambarare zao wakapanda ngano, ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja hakukuwa na mizizi ya kushika udongo, vumbi likafika mpaka miji ya pwani ya mashariki, familia zikahama. Muungano wa Kisovieti nao mwaka 1954 chini ya kiongozi wao Khrushchev wakaingiza matrekta kwenye nyika za Kazakhstan, 1956 wakavuna mpaka wakashangilia, mwanzoni mwa miaka ya 60 upepo ukaanza kubeba udongo. Nyasi zile zilikuwa na kazi yake pale, na mnyama anayecheua ndo njia ya kuzila bila kuzing'oa.

Upande wa pili wana hoja, tusidanganyane. Theluthi hivi ya nafaka duniani inaliwa na mifugo, na hizo hekta milioni 700 sio mchezo, zinakaribia nusu ya ardhi yote inayolimwa sasa. Msitu wa Amazon unakatwa zaidi kwa ajili ya malisho. Methani nayo, ile gesi inayoongeza joto duniani ambayo ng'ombe anaitoa akicheua, haipungui eti kwa sababu kala nyasi, tena wa nyasi anachelewa kukua kwahiyo anacheua muda mrefu zaidi. Na malisho yakizidiwa mifugo yanaharibika vilevile kama shamba.

Ila angalia hoja hizi zinamgusa nani, ni anayekata msitu na anayelisha nafaka. Ukifuata ile robo tatu peke yake utamfukuza mchunga mbuzi wa mlimani ukamwacha kuku wa bandani anayekula mahindi ambayo mtu angekula, maana kwenye hesabu ya hekta kuku ndo anaonekana mwema.