Wino mweusi juu ya Hukumu ya Mwisho

Jumamosi mpwa wangu alirudi na kitabu cha historia ya sanaa alichoazima shuleni. Akanifungulia ukurasa mmoja: "Mjomba, hapa palikuwa na nini?" Mtu alikaa na kalamu ya wino mzito akawasiliba watu walio uchi aliowachora Michelangelo, mmoja mmoja, kifuani hadi magotini, mpaka wino ukatokea upande wa pili na kumeza maandishi. Hasira haijanitoka hadi leo.

Ile ni Hukumu ya Mwisho, picha ya siku ya kufufuliwa wafu, kwenye ukuta wa Kikanisa cha Sistina kule Vatikani, iliyokamilika 1541. Aliyeiagiza ni Papa, si mpinga dini. Na uchi ule ndio mafundisho yenyewe! Siku ile nani atafufuka na kanzu ya uaskofu? Ayubu alisema alitoka tumboni mwa mama yake uchi, na uchi atarudi. Waislamu nao hufundishwa kwamba watu watafufuliwa peku, bila nguo. Mfalme na mchunga mbuzi watasimama sawasawa. Ukimvisha mtu joho pale, umemrudishia cheo alichopaswa kukiacha kaburini.

Wakubwa hawakutaka kuliona hilo. Biagio da Cesena, msimamizi wa ibada za Papa, alisema picha ile inafaa bafuni na vilabuni. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1565, Michelangelo akiwa hana hata miaka miwili kaburini, Daniele da Volterra, rafiki yake kabisa, akapewa kazi ya kuwavisha watakatifu. Wengi aliwapaka vitambaa kwa juu. Lakini sehemu kubwa ya picha za Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Blasi alizibandua kwa patasi, rangi na lipu yake, akachora upya: Katarina akapewa gauni la kijani, Blasi akageuzwa kichwa.

Haya, mtawa mhubiri Savonarola alipochoma picha, vioo na barakoa pale Florence mwaka 1497, aliyoyasema juu ya ulafi wa makasisi yalikuwa kweli. Lakini picha haikula sadaka ya mtu.

Ukarabati uliokwisha 1994 uliondoa baadhi ya vitambaa. Chini ya gauni la Katarina hakuna cha kurudisha. Tunajua alivyokuwa kwa sababu Marcello Venusti aliunakili ukuta ule mwaka 1549, na nakala ipo Napoli. Jana nilimwonyesha mpwa wangu nakala hiyo kwenye simu. Akaikuza kwa vidole, akatazama kimya, kisha akauliza kwa nini yule mama ameshika gurudumu.