Kipunji na Mahindi ya Rungwe

Sisi tuliokulia upande wa Tukuyu, kusini-magharibi mwa Tanzania, huujua Mlima Rungwe kwanza kwa mvua yake. Katika miteremko ya kusini-mashariki mvua hufikia hadi milimita 3,000 kwa mwaka, na juu ya mashamba ya migomba, chai na mahindi umetanda msitu ambao siku nyingi huonekana nusu tu kwa sababu ya ukungu. Humo ndimo anamoishi kima aitwaye kipunji. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa miaka kadhaa, na karibu kila mara nimeona zikisimuliwa kama habari za ugunduzi wa kisayansi, wakati jambo linaloamua uhai wake hadi leo ni ujirani wake na mkulima.

Jina lenyewe ni la Kinyakyusa. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society waliokuwa chini ya Tim Davenport walipita vijijini wakiuliza habari za wanyama wa msituni, wakaambiwa na wawindaji kwamba yuko kima mwenye haya aitwaye kipunji. Kwa kuwa masimulizi ya wazee huchanganya wanyama wa kweli na wale wa hadithi, haikuwa rahisi kujua huyu ni wa kundi gani, hadi walipomwona wenyewe mwaka huohuo. Mwaka uliofuata watafiti wengine, ambao hawakuwa na habari za Rungwe, walimkuta mnyama huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa, umbali wa takriban kilomita 350. Makundi hayo mawili yalikuja kutambua kwamba yanazungumzia kiumbe kimoja, yakamtangaza kwa pamoja katika jarida la Science mwezi Mei 2005. Naheshimu sana kazi hiyo, iliyofanywa kwa miguu katika matope na baridi. Lakini siwezi kusema kwamba kipunji aligunduliwa mwaka 2003, kwa maana waliomwonyesha njia mtafiti walikuwa tayari na jina lake. Nafurahi kwamba angalau jina hilo lilihifadhiwa katika jina lake la kisayansi.

Ni kima mkubwa, mwenye nywele ndefu za kahawia na shungi lililosimama utosini, uso mweusi, na weupe tumboni na kwenye ncha ya mkia. Huko Rungwe na katika msitu jirani wa Livingstone huishi katika miinuko inayofika mita 2,450, mahali ambapo usiku wa Juni na Julai baridi hukata kwelikweli, na inaaminika kwamba manyoya yale marefu ndiyo yanayomstahimilisha. Hula matunda, majani, machipukizi, maua, magome, hata wadudu. Mlio wake ni mzito, kama honi iliyochanganyika na mbweko, na hauna mfano miongoni mwa jamaa zake. Asubuhi yenye ukungu mtu anaweza kuusikia mlio huo kutoka ng'ambo ya bonde na asimwone mwenyewe kabisa.

Mwanzoni wataalamu walimweka katika jenasi (yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) moja na mangabei fulani, kima wa misitu ya Afrika, kwa kufuata picha na yale waliyoyaona kwa macho, kwani hapakuwa na kielelezo cha mwili. Kielelezo kilipatikana mwaka 2005, katika shamba la mahindi kando ya Mlima Rungwe, ambapo dume ambaye hajapevuka vizuri alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima. Kutokana na mwili huo, uchunguzi wa mifupa na vinasaba ulionyesha kwamba kipunji yuko karibu zaidi na nyani kuliko na mangabei wale, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Hiyo ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika kutangazwa tangu mwaka 1923. Kila ninapoifikiria habari hii naona uzito wake: mnyama aliyewafanya wataalamu waandike upya ukoo wa nyani alifia kwenye mtego uliowekwa na mtu aliyekuwa akilinda chakula cha watoto wake.

Hesabu ya kwanza kamili, iliyochapishwa mwaka 2008, ilitaja kipunji 1,117 katika makundi 38. Kati yao 1,042 walikuwa Rungwe na hifadhi jirani ya Kitulo, na 75 tu Ndundulu. Maeneo yote waliyokuwa wakiyatumia hayakufika kilomita za mraba 18, yaani eneo ambalo mtu mzima mwenye nguvu angeweza kulizunguka kwa siku moja kama lingekuwa tambarare na lingekuwa pamoja. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka mwaka huohuo katika ngazi ya walio hatarini kabisa kutoweka, na baadaye likamhamishia ngazi yenye nafuu kidogo, ya walio hatarini. Hiyo ni nafuu, na wanastahili shukrani walioifanyia kazi. Msitu wa Livingstone umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2009. Mipaka hiyo imesaidia dhidi ya wapasua mbao na wachoma mkaa, lakini kipunji haujui mpaka, na mahindi yanapoiva kwenye ukingo wa msitu yeye hushuka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba tatizo ni ujinga wa wanakijiji, na kwamba tiba yake ni semina. Mkulima wa Rungwe anajua vizuri sana msitu una faida gani, kwa kuwa maji anayokunywa yanatoka huko, na mito kama Kiwira inayapeleka mpaka Ziwa Nyasa. Anachokosa ni mtu wa kusimama naye wiki zile za kuamia shamba, yaani kulilinda dhidi ya wanyama, ambapo familia hugawana zamu na mara nyingine mtoto hukosa shule. Tunapozungumzia kifuta jasho, yaani fedha za kumpoza aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, mawazo yetu huenda haraka kwa tembo na kiboko, na kundi la kima lililomaliza robo ya shamba halionekani kuwa msiba. Kwa yule aliyelima robo ile kwa jembe la mkono, ni msiba. Na tanzi lililotegwa kwa ajili ya nguruwe mwitu halichagui shingo.

Ningependa fedha za uhifadhi zilipie waamiaji wa kijijini katika msimu wa mahindi, vijana wanaolijua pori na wanaoweza kumfukuza kipunji bila kumwua. Wapo wanaoshauri kwamba ukingo wa msitu upandwe chai badala ya mahindi. Ni wazo zuri, ila chai haipikwi ugali, na anayelitoa lazima kwanza ahakikishe kwamba yupo mnunuzi anayelipa kwa wakati.

Jambo la pili ni Bujingijila. Huo ndio ushoroba mwembamba unaouunganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone, na umeliwa na mashamba na ukataji miti kiasi kwamba mnyama anayeishi zaidi juu ya miti hapiti hapo kwa urahisi. Makundi yakikatika kila upande peke yake, damu haichanganyiki, na ugonjwa mmoja au moto mmoja unaweza kumaliza upande mzima. Kupanda miti hapo ni kazi ya lazima, lakini iwe miti ya asili ya msitu huo, yenye matunda anayokula kipunji. Misindano na mikaratusi ina faida yake kwa mbao na kuni, na sina ugomvi na anayeipanda kwenye kiwanja chake, ila kwenye ushoroba itatupa kijani kisicho na chakula. Wazee wa vijiji vya pale, waliokuwa wakimjua kipunji kabla hajaandikwa popote, wanajua pia ni miti gani iliyokuwa ikisimama Bujingijila. Waulizwe sasa, kabla miche ya msimu ujao haijachaguliwa.