Butura ya Wisconsin

Mkulima wa Kagera akiuza kahawa ingali maua mtini, kiongozi anapanda jukwaani kufoka hadi spika zinakwaruza: butura ni marufuku! Kule Mtwara mwenye korosho za kangomba, zile zinazouzwa kimagendo nje ya mnada, anaviziwa njia za panya kama anasafirisha meno ya tembo. Na kosa lake ni nini? Mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada, akauza gunia kwa bei ya debe. Basi.

Haya, twende Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 2002. Kule butura ilipitishwa na bunge, watu wamevaa tai, mzigo wa dola bilioni 1.6, na wanasheria wakalipwa juu yake. Hakuna aliyeviziwa.

Zao lenyewe lilikuwa sigara. Novemba 1998 majimbo 46 yalimalizana na kampuni kubwa nne: Philip Morris, R.J. Reynolds, Brown & Williamson na Lorillard. Majimbo yalikuwa yamesema, tumewatibia wateja wenu mapafu kwa hela ya umma, sasa rudisheni. Wakapatana kama dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya mwanzo, na baada ya hapo malipo yanaendelea kila Aprili 15 maadamu watu wanavuta. Lishike hilo neno "maadamu", maana ndimo alimolala nyoka.

Malipo yale hayakai palepale. Kila mwaka yanapandishwa kwa mfumuko wa bei, na hata bei zikitulia lazima yapande asilimia 3. Kisha yanashushwa kadiri sigara zinazouzwa nchini zinavyopungua. Uvutaji ukishuka asilimia 2, ile 3 ya juu inafunika, malipo yanapanda kama asilimia 1 na watu wanalala. Uvutaji ukishuka asilimia 9, malipo yanaanguka kama 6. Na watabiri wa wakati ule, wenye kompyuta na digrii, walikadiria mteremko wa kama asilimia 2 kwa mwaka hadi wajukuu waje kuzeeka. Eti Mmarekani ataacha sigara taratibu, kwa adabu, asiwaharibie hesabu.

Sasa utaratibu wa kuuza, maana nao ni vituko vitupu. Bunge halikopi, hapana. Kukopa kwa ajili ya chakula cha mwaka huu ni aibu, na katiba nyingi za majimbo zinakubana. Bunge linaunda shirika la kando. La Wisconsin liliitwa Badger Tobacco Asset Securitization Corporation, jina refu kama treni ya mizigo. Jimbo linaliuzia shirika haki ya kupokea fidia. Shirika linachukua haki ile, linatoa hatifungani, yaani hati za mkopo zenye riba, wenye hela wananunua. Tangu siku hiyo hela ya Aprili haikanyagi hazina ya jimbo. Mkaguzi huru anaipigia hesabu, kisha inaingia kwa wakala wa wenye hatifungani, naye anakata kwa zamu: gharama zake kwanza (yeye hajisahau), halafu riba, halafu deni lenyewe. Na hatifungani nyingi za namna hii zilifungwa kitanzi kingine, kwamba hata kinachobaki kisirudi jimboni, kiende kupunguza deni mapema. Wale jamaa zetu wa mikopo ya kausha damu wakisikia hili watajiona wacha Mungu.

Kwenye ule mzigo wa bilioni 1.6, jimbo lilishika mkononi kama bilioni 1.3. Nyingine ikaenda kwenye akiba ya tahadhari, riba za mwanzo, mawakili, madalali. Na ile iliyoshikwa ikamwagwa kwenye shimo la bajeti ya miaka miwili. Mapato ya miaka na miaka yamekwenda kuziba miaka miwili! Hata bwana harusi hakopi hivyo.

Halafu kuna ujanja wa kodi, huu nauvulia kofia. Mnunuzi wa hatifungani za majimbo anapenda zisizotozwa kodi ya shirikisho kwenye riba, ndiyo maana anakubali riba ndogo. Lakini serikali kuu haitaki msamaha ule utumike kulipia mishahara na umeme. Inataka uone barabara, shule, jengo. Watu wa bajeti wanafanyaje? Hela ya sigara wanaipeleka kulipa madeni ya zamani ya ujenzi, au miradi iliyokuwa ilipwe na mfuko wa kawaida. Mfuko wa kawaida ukipumua, hela yake ndiyo inaziba shimo. Ni yule anayekopa SACCOS, kwenye fomu kaandika "ujenzi", na kweli fundi kalipwa. Ila mshahara uliokuwa umlipe fundi umekwenda kwenye sare za kitchen party. Ukija na mkaguzi, ukuta si ule pale?

Wisconsin ukiwaona hovyo, subiri. Kuna hatifungani ambazo hulipi hata senti kwa miongo. Riba inazaa riba, riba ya riba inazaa tena, wewe huoni kitu, unasema mambo safi. Piga hesabu: chukua dola 100 kwa asilimia 7. Baada ya miaka 10 ni kama 197. Miaka 20, 387. Miaka 30, 761. Miaka 40, 1,497. Mwaka 2014 waandishi wa ProPublica walizikusanya zile zilizotolewa na majimbo tisa, mji mkuu Washington, maeneo kama Puerto Rico na kaunti kadhaa, wakakuta kilichopokelewa ni kama dola bilioni 3 na kilichoahidiwa kurudishwa ni bilioni 64. Aliyetia saini atakuwa kaburini. Wa kulipa hajatungwa mimba.

Turudi kwa yule nyoka. Ukishauza moshi wa kesho, unaanza kuuombea moshi. Machi 2003 jaji mmoja wa Illinois aliamuru Philip Morris ilipe dola bilioni 10.1 kwa kuwadanganya wavutaji kuhusu sigara zinazoitwa nyepesi. Ili ikate rufaa, ikatakiwa kuweka dhamana ya bilioni 12. Kampuni ikalia: tukiweka hiyo tutafilisika, na ile fidia ya Aprili msiitegemee. Unajua nani alikimbia mahakamani kuitetea? Wanasheria wakuu wa majimbo! Walewale walioishtaki juzi kwa kuua watu, leo wanamwambia jaji, mheshimiwa, mpunguzie huyu, ana familia. Dhamana ikapunguzwa, na mwishoni mwa 2005 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaifuta hukumu yenyewe.

Aprili 2009 serikali kuu ikapandisha ushuru wa pakiti kutoka senti 39 hadi dola 1.01. Madaktari wakapiga makofi. Mauzo ya sigara mwaka ule yakaporomoka zaidi ya asilimia 9, na mwenye hatifungani akashika kichwa. Juu ya hapo kuna mgogoro wa kampuni ndogo ambazo hazikusaini mapatano. Wakubwa wanadai, hawa wanatunyang'anya wateja na majimbo hayawabani inavyotakiwa, kwa hiyo tunakata kwenye malipo. Mwaka 2013 waamuzi wakakuta majimbo sita, Pennsylvania na Maryland yakiwemo, hayakuwa na bidii ya kutosha kwa mauzo ya 2003. Aprili 2014 yakakatwa. Kosa la miaka kumi nyuma, hela ya mwaka huu.

Kwa hiyo wewe unayevuta nje ya baa ya Milwaukee, theluji hadi kwenye soksi, mke kakutimua na moshi wako, usijidharau. Wewe ni chanzo cha mapato. Kuna watu New York wanakuulizia afya yako kuliko shangazi yako, ingawa wanaiulizia kwa namna ya ajabu kidogo.

Na Wisconsin iliishaje? Mwanasheria mkuu aliyeshtaki kampuni za sigara na kulishindia jimbo fidia aliitwa Jim Doyle. Januari 2003 akaingia ikulu ya jimbo kama gavana, akakuta aliyemtangulia, Scott McCallum, kashauza zao lote na fedha imeliwa. Akavumilia hadi 2009, serikali yake ikaenda kulikomboa. Ilitoa wapi hela? Ilikopa. Kama dola bilioni 1.5, hatifungani nyingine, hizi zinalipwa na bajeti ya jimbo kila bunge likipitisha. Fidia ya sigara ikaanza kuingia tena hazina, na bajeti ya mwaka ule, nayo ilikuwa na shimo lake, ikapata pa kushikilia.

Huyo angekuwa mkulima wa Karagwe, mtendaji wa kijiji angekuwa keshamwita aje na daftari.