Nusu kwa nusu si haki kwetu

Msimu wa upepo wa kusi ukiingia hapa Lamu, mashua ya mume wangu hupandishwa pwani, na hesabu ya nyumba yetu hugeuka juu chini.

Mimi ni mwalimu. Mshahara wangu, shilingi elfu arubaini, huingia kila mwisho wa mwezi. Yeye ni nahodha, huwapeleka wageni kisiwa cha Manda Toto na magofu ya Takwa. Wakati wa upepo wa kaskazi, mwezi mzuri humpa elfu sitini. Ikifika Juni bahari imechafuka, wageni wamekwenda zao, na akipata elfu kumi hushukuru Mungu.

Tulipooana tulikubaliana nusu kwa nusu. Matumizi ni kama elfu thelathini kwa mwezi: kodi, chakula, gesi, stima, ada ya chuo cha Kurani cha watoto. Juni ile ya kwanza alinipa kumi na tano zake bila neno, na Julai vilevile. Mwezi wa nane nilikwenda dukani kununua sukari. Mwenye duka akafungua daftari la madeni, akanionyesha ukurasa mzima wenye jina la mume wangu. Alikuwa akikopa pale ili anikabidhi nusu yake. Nilisimama na ile sukari mkononi, machozi yakinilenga.

Tangu siku hiyo tunachangia kwa kadiri ya kilichoingia. Mwezi ambao sote wawili tumepata elfu hamsini, yeye akiwa ameleta kumi, hutoa elfu sita nami ishirini na nne. Januari mambo hugeuka: yeye kumi na nane, mimi kumi na mbili. Kila mmoja hubakiwa na chake mfukoni, na hakuna anayekopa kwa siri.

Shoga zangu huniambia, "Wewe unamlisha mume." Neno hilo linaniuma. Najua dini yetu imemwekea mume wajibu wa matumizi, na mali ya mke ni ya mke. Kwa hiyo ninachotoa nakitoa kwa ridhaa yangu, na Bi Khadija alikuwa tajiri mwenye biashara yake na akamsaidia Mtume kwa mali yake. Kwa nini wema huo ukifanywa leo uitwe aibu ya mwanamume?

Lakini pesa ilikuwa sehemu nyepesi. Jikoni ndiko kulikotuchelewesha. Wakati wa kusi yeye hushinda pwani akiziba nyufa za mashua kwa kalafati, adhuhuri amesharudi. Mimi hutoka alfajiri, nikirudi saa kumi nikakuta mbuzi ya kukunia nazi iko palepale ukutani na nazi hazijavunjwa. Na huyu ni mtu ambaye chomboni hukuna nazi, huchoma samaki, hupika wali ambao wageni huusifu mpaka wanaporudi kwao! Akivuka kizingiti cha nyumba, mbuzi ikawa ya mwanamke.

Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Kesho yake nilimkuta amekalia mbuzi, kikoi amekikunja magotini, nazi iliyokunwa imejaa kwenye sinia. Mavyaa alikuwa amekuja kututembelea. Akauliza, "Mwanangu, nyumba hii haina mwanamke?" Mume wangu akamjibu kwa adabu, "Mama, chomboni ni nani hunikunia?" Mama alinyamaza kidogo, kisha akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele.

Wanaodhani kazi hizi si kitu waisome Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013. Imetaja kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango katika mali ya ndoa. Waislamu tunaruhusiwa kufuata sheria yetu katika mambo hayo, ila hata kwetu sijaona palipoandikwa kwamba mikono ya mume ikae bure huku mke amechoka.

Kaskazi ikirudi mzigo wa nyumbani hunielemea zaidi, kwa sababu yeye hutoka kabla ya jua na kurudi usiku, nami nauchukua kwa moyo safi. Kilichobaki ni kufua. Nguo zake za baharini zimeganda chumvi na mafuta, na Jumamosi yangu nzima huishia kwenye beseni. Nimemwambia kusi hii beseni nalo tuligawe. Amesema tuzungumze akimaliza kalafati. Jana nilipita pwani kuangalia: zimebaki mbao tatu.