Splice ikae mbali na ripoti zetu

Nikikabidhiwa msimbo wa JavaScript niukague, kitu cha kwanza ninachotafuta ni splice, amri ya kung'oa vitu kwenye arei, yaani orodha yenye mpangilio. Wengi wanaitumia kuchukua sehemu ya arei, na ubaya wake ni kwamba mara ya kwanza inatoa jibu sahihi kabisa.

Chukua arei ya miezi 12, tuiite miezi, Januari hadi Desemba. Unataka robo ya pili ya mwaka. Tumia slice, inayokupa nakala ya kipande bila kuigusa arei yenyewe. Andika:

miezi.slice(3, 6)

Unapata Aprili, Mei na Juni. Hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo Aprili ni namba 3. Namba 6 ni Julai, nayo haichukuliwi. Slice inaishia mlangoni pake. Wanaoanza hulalamikia sana jambo hili, eti kwa nini uandike 6 wakati unaishia 5? Mimi naliona ni neema. Toa 3 kwenye 6, unajua mara moja una miezi mingapi. Tena robo inayofuata ni slice(6, 9), inaanza palepale ile iliyotangulia ilipoishia, hakuna mwezi uliorudiwa wala uliorukwa. Hata mwaka wa fedha wa Tanzania au Kenya, unaoanza Julai, unaupanga kwa mstari mmoja tu:

[...miezi.slice(6), ...miezi.slice(0, 6)]

Ukitaka miezi mitatu ya mwisho, slice(-3) inatosha, huna haja ya kupima urefu wa arei.

Sasa mwenzako aandike miezi.splice(3, 3). Anapata Aprili, Mei, Juni vilevile. Anafurahi, anapeleka kazi. Mtumiaji akifungua ripoti mara ya pili, bila kupakia ukurasa upya, chini ya kichwa cha robo ya pili anakuta Julai, Agosti na Septemba, kwa sababu Aprili, Mei na Juni iling'olewa kwenye arei yenyewe mara ya kwanza. Na usijidanganye kwamba const itakulinda: inazuia jina lisipewe arei nyingine, yaliyomo ndani hayaihusu.

Namba ya pili nayo ina mtego wake. Kwa slice ni mahali pa kuishia, kwa splice ni idadi ya kuondoa. Kwa hiyo splice(3, 6) inaondoka na miezi sita. Majina yanayotofautiana kwa herufi moja yamepewa tabia zinazopingana, na yote mawili yamo kwenye kiwango cha ECMAScript, yaani kanuni rasmi za JavaScript, tangu toleo la 3 la mwaka 1999. Hayabadilishwi leo, tovuti za zamani zingevunjika.

Wanaotumia React, maktaba ya JavaScript ya kujengea skrini, wanaumia zaidi. React inaangalia kama arei uliyoirudisha ni ileile ya awali. Ukiikata kwa splice ukairudisha, ni ileile, basi skrini inabaki kama ilivyokuwa na wewe unashinda unatafuta kosa kwenye vitufe.

Najua nitaambiwa slice inakula kumbukumbu kwa kutengeneza arei mpya. Kwa orodha ya vitu mia mbili? Tuache mzaha. Kama lengo ni kuondoa kitu, si kuchukua, tangu ECMAScript 2023 kuna toSpliced, inayokurudishia nakala iliyopunguzwa na kuiacha ya awali salama.

Slice nayo siisifii kupita kiasi. Nakala yake ni ya juujuu: ikiwa ndani ya arei kuna objekti (vifurushi vya data), sema miamala, basi objekti ni zilezile. Ukibadilisha kiasi kwenye kipande, umekibadilisha kwenye orodha nzima. Hapo pitisha kipande kwenye structuredClone, inayonakili hadi yaliyomo ndani, kwanza, ndipo uguse namba za watu.